Shina la Hati: Nani Aliipa Serikali Ardhi ya Isiolo?

Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu mbili zinazowagusa wakazi wa Isiolo pengine kuliko wenyeji wa Nairobi na Mombasa waliozifikisha kesi hizo mahakamani. Ya Aprili ilihusu kiwanja cha Nyali kilichonunuliwa na kampuni ya Dina Management. Mgao wake wa kwanza ulifanywa mwaka 1989, na aliyegawiwa alikuwa Rais Daniel arap Moi. Mahakama ilisema kwamba hati ikitiliwa shaka, mwenye nayo hawezi kuinyanyua juu na kunyamaza. Sharti aonyeshe shina lake, yaani jinsi ardhi ilivyotoka mikononi mwa umma. Mgao wa kwanza ukiwa batili, mnunuzi wa mwisho hana kinga ya Katiba, hata awe alinunua kwa nia njema. Ya Septemba, katika kesi ya Torino Enterprises, ilikata mzizi wa fitina kuhusu barua za mgao: barua hiyo si hati miliki, na aliye nayo hana ardhi ya kumuuzia mtu mpaka asajiliwe.

Wengi wamezisoma hukumu hizi kama onyo kwa wanunuzi. Mimi nazisoma kama swali kwa mtoaji. Tukilifuata shina la hati hadi ofisi ya Kamishna wa Ardhi na kutua hapo, tutakuwa tumeishia njiani, maana Kamishna naye alipaswa kuwa na mahali alipoipata ardhi aliyoigawa.

Kila mfumo wa hati una mahali unapokataa kuulizwa zaidi. Nchini Marekani ni ile hati ya kwanza iliyotolewa kwa jina la Rais, kama zile walizopata walowezi chini ya sheria ya mashamba ya mwaka 1862. Nyuma ya hati hiyo mahakama haziendi: tangu kesi ya Johnson v. M'Intosh ya mwaka 1823, Wenyeji wa Asili walihesabiwa kuwa wakaaji tu, wasioweza kumpa mnunuzi binafsi umiliki ambao mahakama ingeutambua. Kenya ilipita njia iyo hiyo. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 iliingiza katika milki ya Taji la Uingereza hata ardhi iliyokaliwa na Waafrika. Baadaye, katika kesi ya Isaka Wainaina dhidi ya Murito, Jaji Mkuu Barth alimaliza kazi kwa kuwaita Waafrika wapangaji wa Taji, wa kuondolewa wakati wowote.

Isiolo, hata hivyo, ilikuwa na bahati ya ajabu, kama ni bahati. Mji huu ulikuwa makao makuu ya utawala wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo lililofungwa kwa sheria za vibali. Walowezi hawakugawiwa mashamba ya miaka 999 huku. Waborana walichunga kando ya Ewaso Nyiro kwa kanuni za dedha, wazee wakiamua mifugo inywe wapi na malisho yapi yaachwe kwa ajili ya kiangazi. Wasomali wa Isaaq na Herti, baadhi yao askari waliolitumikia jeshi la Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, waliruhusiwa kuishi na kuchunga. Daftari la hati lilibaki karibu tupu. Kwa macho ya serikali utupu huo ulimaanisha kwamba ardhi haina mwenyewe.

Uhuru ulibadilisha sheria, hata kama macho hayakubadilika. Eneo hili likawa ardhi ya amana: baraza la kaunti liliishika kwa niaba ya wakazi wake. Sasa mdhamini hagawi amana anavyotaka. Sheria ya Ardhi ya Amana, sura ya 288, ilidai ardhi itengwe kwanza, tangazo litolewe katika Gazeti Rasmi la Serikali, na wenye haki walipwe fidia. Baada ya hapo ndipo kulikuwa na kitu cha kumgawia mtu binafsi. Kwa hiyo shina la hati ya Isiolo ni tangazo lile la kutengwa, na barua ya mgao ni tawi lake tu. Ndilo linalopaswa kutafutwa kwanza, nyuma ya ploti za mjini na nyuma ya kambi za jeshi pia.

Tazama barua yenyewe inapotolewa kwenye bahasha ya kaki. Juu pana nembo ya serikali. Chini yake pana namba ya ploti, na mara nyingi namba hiyo ni ya mchoro wa mipango tu, kwani mpima hajafika. Zinafuata kiasi cha malipo ya awali, kodi ya ardhi ya mwaka, na sharti kwamba jibu na hundi vifike katika siku 30. Hakuna mstari unaosema ardhi hii ilitengwa lini, kwa tangazo namba ngapi, wala nani alifidiwa. Karatasi inamtaja mpokeaji kwa majina matatu, na wenye amana haiwataji kabisa. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kushika barua za ploti moja, kila mmoja ana muhuri wake, na mabishano yakageuka kuwa mashindano ya tarehe, kana kwamba aliyetangulia kupewa kisicho cha mtoaji ana haki zaidi.

Mradi wa LAPSSET, ushoroba wa bandari na barabara unaopita Isiolo, uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, uliongeza moto. Uwanja wa ndege ulipopanuliwa na mji wa kitalii ukapangwa Kipsing, ardhi iliyodharauliwa ikapata bei.

Katiba ya mwaka 2010 ilikwisha kuukata mkono wa mtoaji. Ibara ya 63 inasema ardhi ya jamii ni mali ya jamii, na serikali ya kaunti inashikilia tu ile ambayo haijasajiliwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inazipa haki za kimila uzito sawa na umiliki mwingine wowote. Lakini sheria hiyo hiyo inaidai jamii ijiandikishe, iunde kamati, iandike kanuni, ipimiwe, kisha ipewe hati. Mfugaji anarudishwa kwenye foleni ya waombaji, akaombe kilicho chake. Usajili huu usichukuliwe kuwa mgao mpya. Ni kumbukumbu ya haki iliyokuwapo, na msajili akichelewa miaka kumi haki haipungui hata kidogo. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilikaribia fikra hii Januari 2025, ilipoamua kwamba hifadhi ya wanyama ya Biliqo-Bulesa iliwekwa juu ya ardhi ya jamii bila kufuata sheria, ingawa jamii haikuwa na hati ya kuonyesha.

Kuna pingamizi zito, nalo ni la kisiasa kuliko kisheria: jamii ni nani? Isiolo ni ya Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru, na mpaka wake na Meru unabishaniwa hadi leo. Neno jamii likifasiriwa kwa damu, mwalimu aliyejenga katika mtaa wa Bulla Pesa miaka 30 iliyopita atageuzwa mgeni kwa hukumu iliyokusudiwa kumlinda mchungaji. Hofu hiyo ni ya kweli. Ila sheria ya 2016 haikuifunga jamii ndani ya kabila. Inakubali pia watu waliounganishwa na eneo moja, riziki moja au maslahi mamoja. Pia inaruhusu ardhi ya jamii iliyosajiliwa igeuzwe kuwa ya mtu binafsi, mradi theluthi mbili ya mkutano wa wanajamii wakubali.

Hapo pana njia kwa wenye barua ambao hukumu ya Torino imewaacha mikono mitupu. Badala ya kufukuzia muhuri mwingine Nairobi, wanaweza kuupelekea mkutano huo ombi lao, ploti kwa ploti, pamoja na ushahidi wa nyumba na miaka ya kukaa. Wengi watakubaliwa, kwa kuwa majirani wanajua nani amejenga na nani amezungusha seng'enge akaondoka. Wenye hati za maeneo makubwa ambayo hayakutengwa kamwe watapata taabu zaidi kujieleza mbele ya mkutano huo, na sioni sababu ya kuwapunguzia taabu hiyo.