Shaba ya Katanga na Samaki wa Lufira

Katika karne ya 19, mavuno yakiisha na mvua zikikoma, mafundi wa Kisanga walipanda vilima vya Katanga kuchimba jiwe la kijani lenye shaba, wakalichoma kwa makaa katika tanuri za udongo wa kichuguu, na shaba iliyoyeyuka wakaimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba. Na shaba hiyo ilikuwa miongoni mwa nguzo za dola ya Msiri, aliyetoka nchi ya magharibi ya Tabora akajenga Bunkeya katika bonde la mto Lufira, akafanya biashara na pwani zote mbili za Afrika, ya mashariki na ya magharibi, hata alipouawa mwaka 1891 na msafara wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji.

Mafundi wale walifanya kazi kwa msimu na kwa mikono. Lakini kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoasisiwa mwaka 1906, ilifungua mwaka 1929 kiwanda cha Shituru mjini Likasi, ambamo madini hulowekwa katika asidi ya salfa, kisha shaba ikatengwa kwa umeme. Umeme ulitoka Mwadingusha, ambako Lufira ilizibwa mwaka 1930. Nyuma ya ukuta ule maji yakatanda, likazaliwa ziwa Tshangalele, na wavuvi wakahamia. Na majitaka ya Likasi, yenye shaba, kobalti na kadimiamu, yakishuka kwa mto Panda, yakaishia katika tope la ziwa hilo hilo.

Samaki akiishi katika maji hayo, matamvua yake, ambayo ngozi yake ni nyembamba ili hewa ipite, ndiyo ya kwanza kudhurika: ute huzidi, chumvi za damu humtoka, naye huhema kwa taabu. Shaba iliyopenya hapo hufika kwenye ini, ambako protini maalumu huikamata na kuifunga. Kadimiamu hukaa figoni miaka mingi. Na protini ile ya ini ikizidiwa, chembe za ini huanza kufa. Mnofu aghalabu hupata kidogo, hivyo perege mwenye ini lililoharibika huweza kuonekana mnono sokoni. Ninaowahofia zaidi ni samaki wadogo, wanaoliwa wazima pamoja na matumbo yao, kwani moshi wa kuwakaushia hauondoi kobalti.

Serikali ya Kongo iliitwaa migodi mwaka 1967, na maji hayakubadili njia. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kwamba mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga, watoto wakiwamo, ulikuwa na kobalti nyingi mno.