Andika majukumu ya msafishaji kabla ya kumwajiri

WENYE biashara ndogo za usafi aghalabu huajiri kwa haraka. Mteja hupiga simu akitaka afisi yake isafishwe, jamaa au jirani huitwa, hukabidhiwa ndoo na mopu, na kazi huanza.

Kinachosahaulika ni karatasi ya kueleza kazi yenyewe ni ipi. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi nayo ni vivyo hivyo.

Chukua mfano wa kampuni yenye wafanyakazi watano inayosafisha afisi na nyumba za kupanga mtaani South B, Nairobi. Mfanyakazi aliyeajiriwa "kufanya usafi" leo anaagizwa na mteja afue nguo, kesho aangalie watoto, na kesho kutwa apande ngazi kupangusa madirisha ya orofa ya tatu kwa nje. Akikataa, ataitwa mkaidi. Akikubali kisha aanguke, huzuka mvutano kuhusu ni nani aliyemtuma.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na ni jukumu la mwajiri kuuandaa. Miongoni mwa mambo yanayopaswa kuwemo ni maelezo ya kazi, mahali pa kazi, saa za kazi na mshahara.

Mwajiri akishindwa kuuwasilisha mkataba huo kesi inapozuka, ni yeye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Kibarua naye, akishafanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja, huhesabiwa kuwa mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi.

Taja kazi kwa hesabu

Maneno kama "usafi wa jumla" hayamsaidii yeyote. Andika, kwa mfano: kupiga deki sakafu za orofa mbili kila siku kabla ya saa mbili asubuhi, kusugua vyoo sita mara mbili kwa siku, kumwaga taka kila jioni, kupangusa madirisha kwa ndani kila Ijumaa.

Taja pia yasiyokuwemo, kama vile kufua, kupika au kupanda paa. Ukiongeza "na kazi nyingine atakazopewa", eleza kwamba ni za usafi na zitatolewa na msimamizi wala si mteja.

Iwapo mfanyakazi atazunguka kwa wateja kadhaa, onyesha maeneo hayo na atakayelipa nauli. Kumbuka kuwa anastahili angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka.

Mshahara usiwe chini ya kima cha chini kilichowekwa na serikali kwa eneo husika. Usipompa makao, sheria inataka umlipe pia pesa za kumwezesha kupanga nyumba.

Dawa na vifaa

Eleza dawa zitakazotumiwa. Dawa ya klorini ya kung'arisha ikichanganywa na asidi ya kusafishia vyoo au amonia hutoa gesi yenye sumu, nayo madhara yake ni makubwa katika choo kisicho na hewa. Sema wazi kwamba ni mwajiri atakayetoa glavu, buti na vifaa vingine vya kujikinga, jinsi inavyotakikana katika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007.

Sifa za mwombaji

Usidai cheti cha kidato cha nne iwapo kazi haikihitaji. Uwezo wa kusoma maagizo kwenye chupa ya dawa una maana zaidi. Hairuhusiwi kumbagua mwombaji kwa misingi ya kabila, dini, ndoa, ujauzito au ulemavu.

Waajiri wengi hutaka cheti cha mwenendo mwema kwa kuwa msafishaji huachiwa funguo za watu. Tangu sheria irekebishwe mnamo 2022, vyeti vya aina hiyo huombwa tu pale mwajiri anapokusudia kuingia katika mkataba wa maandishi na mhusika. Kwa hivyo usiwagharimishe waombaji wote.

Hatimaye, someni maandishi hayo pamoja. Asiyejua kusoma, au asiyeielewa lugha iliyotumika, ana haki ya kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa. Kila upande ubaki na nakala iliyotiwa sahihi.

Akija mteja mpya mwenye mahitaji tofauti, shauriana na mfanyakazi, kisha uyaandike mabadiliko hayo kabla hajashika ufagio.