Fumbo la Python: badili saa ya simu kuwa ya Kiswahili bila kuandika namba

Simu ikionyesha 07:00, mtu wa Tabora anasoma saa moja asubuhi. Kuandika programu ya Python ya kubadili saa hizo ni kazi ndogo: jumlisha 6, gawa kwa 12, chukua baki. Sasa ongeza sharti: ndani ya programu isionekane tarakimu yoyote, 0 hadi 9.

Hapo ndipo utamu ulipo. Mafumbo haya yana wapenzi wengi. Wengine hukatazwa herufi fulani, wengine hushindania programu fupi kuliko zote, mchezo ambao watu wa Perl waliuita gofu kwa sababu mwenye mapigo machache ndiye mshindi.

Jibu mojawapo liko kwenye jina la mji wenyewe. Python ina amri ya len, inayohesabu herufi za neno, na Tabora ina herufi sita:

n = len("Tabora")
s = (h + n) % (n + n) or n + n

Hapo h ni saa ya simu, s ni saa ya Kiswahili, na alama ya % inatoa baki. Kipande cha mwisho usikidharau. Ikifika 18:00 baki ni 0, na hakuna anayesema saa sifuri jioni. Hicho ndicho kinacholeta 12.

Vituo vingine vya njia ya misafara havisaidii: Ujiji ina herufi 5, Bagamoyo 8. Hata Kazeh, jina walilotumia wafanyabiashara Waarabu kwa Tabora karne ya 19, lina 5. Ukipenda, acha majina kabisa: kwenye Python, True+True ni 2. Ila kufika 12 kwa njia hiyo, utachoka kuandika.

JavaScript ndiyo kiboko. Alama sita tu, yaani [ ] ( ) ! +, zinatosha kuandika programu yoyote. Ukiandika ![]+[] unapata neno "false", kisha unachomoa herufi zake moja moja.

Na huo si utani mtupu. Mtengenezaji wa tovuti anayezuia herufi kwenye fomu, akidhani amewafungia mlango wadukuzi, bado hayuko salama, kwa sababu msimbo wa alama tupu unapita palepale. Kinga ya kweli ni tovuti kuyachukua maandishi ya mgeni kama maandishi tu, bila kuyaendesha kama programu.