Kyalami

Kyalami ni uwanja wa mbio za magari uliopo Midrand, kati ya Johannesburg na Pretoria, Afrika Kusini. Ulifunguliwa mwaka 1961. Jina limetokana na Kizulu, ikhaya lami, yaani "nyumbani kwangu". Lami hiyo si ile ya barabarani, ingawa nayo ingefaa.

Historia

Mbio za langalanga za Afrika Kusini zilihamia hapa mwaka 1967 kutoka East London. Nusura zitwaliwe na John Love wa Rhodesia (sasa Zimbabwe). Aliongoza kwa gari kuukuu hadi mizunguko michache ya mwisho, ikambidi asimame kuongeza mafuta, na ushindi ukaenda kwa Pedro Rodríguez wa Meksiko. Tarehe 1 Januari 1968 Jim Clark alishinda kwa mara ya 25 na kuivunja rekodi ya ushindi ya dereva Fangio. Hakushinda tena mbio za ubingwa wa dunia: alifariki Hockenheim mwezi Aprili. Mwaka 1975 wenyeji walimshangilia mwana wao, Jody Scheckter, alipoibuka mshindi.

Uwanja huu pia uliua. Peter Revson alifia mazoezini mwaka 1974. Machi 1977 kijana msimamizi wa usalama alikatiza barabara akiwa na mtungi wa kuzimia moto, akagongwa na gari la Tom Pryce. Mtungi ulimpiga Pryce kichwani, na wote wawili wakafa papo hapo. Mbio ziliendelea, Niki Lauda akashinda.

Mwaka 1982 madereva waligoma kwa sababu ya masharti ya leseni, wakajifungia hotelini usiku kucha. Mwaka 1985 timu za Renault na Ligier zilisusa kupinga ubaguzi wa rangi, na langalanga haikurudi hadi 1992. Ilikuja mara mbili tu.

Barabara

Kyalami iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini za kawaida hupungukiwa nguvu, ilhali zenye turbo hujisukumia hewa zenyewe. Si ajabu kwamba ni hapa, mwaka 1979, gari la turbo lilipoanza mbio za ubingwa likiwa nafasi ya kwanza kwa mara ya kwanza: Renault ya Jean-Pierre Jabouille.

Mzunguko wa awali ulikuwa na kilomita 4.1 na mteremko mrefu wa kasi kuingia kona ya Crowthorne. Wa sasa una kilomita 4.5 na huendeshwa kinyume cha saa.

Leo

Uwanja ulinunuliwa mnadani mwaka 2014 na Porsche ya Afrika Kusini, ukakarabatiwa. Mbio za Kyalami zinazodumu kwa saa tisa zilirejea mwaka 2019.