Saa ya mwili

Saa ya mwili hupanga usingizi, joto na homoni za mamalia kwa mzunguko wa takriban saa 24. Kiini chake ni seli za neva zipatazo 20,000 katika haipothalamasi. Mwanga ukiingia machoni, neva za retina humwaga hapo glutamati: ya saa tatu usiku huichelewesha saa, ya saa kumi alfajiri huiwahisha. Mchana glutamati haina nguvu. Kwa panya, serotonini na nyuropeptidi Y ndizo huisogeza mbele wakati huo. Majira nayo hubadilisha urefu wa mchana, lakini Songea, karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta, mchana wa Juni na wa Desemba hupishana kwa saa moja na ushei tu. Hivyo muuguzi wa huko wa zamu ya usiku huvurugwa na taa za wodini, wala si majira.