Ningu na Mto Unaopanda

Tarehe 28 Julai 1862, John Hanning Speke alifika mahali ambapo Ziwa Viktoria linamwaga maji yake kuwa Naili. Miongoni mwa mambo aliyoyasimulia ni samaki: walikuwa wakiruka kwa maelfu kuupanda mporomoko, huku wavuvi wakiwangoja kwa ndoana, wengine juu ya miamba na wengine mitumbwini. Mporomoko ule akaupa jina la bwana mmoja wa Uingereza, Ripon. Mwaka 1907 Winston Churchill naye alisimama hapo Jinja. Kilichomshika yeye ni nguvu ya maji iliyokuwa ikipita bure, na akashauri mto ufungwe mitambo.

Babu yangu alikuwa miongoni mwa wanaume waliotoka Nyanza kwenda Jinja kubeba saruji ya Bwawa la Owen Falls. Malkia Elizabeth alilifungua tarehe 29 Aprili 1954. Misri ilichangia gharama ili ukuta uongezwe mita moja na ziwa zima liwe akiba yake ya maji. Nyuma ya ukuta maji yalipanda, Ripon ikazama. Kisinja, yule samaki mwenye nguvu wa Naili, anaweza kuruka mwamba. Ukuta wa mita 31 haurukiki.

Nyanya hakuwahi kuliona bwawa hilo. Alikaa karibu na Mto Nzoia, akiuza ningu waliokaushwa kwa moshi, na maisha yake yote aliyahesabu kwa mvua za ningu.

Ningu si samaki mkubwa. Mdomo wake unaelekea chini, nao ni mnene, maana hula kwa kukwangua mwani wa kijani uliogandamana na mawe. Hukaa ziwani, lakini mayai yake hayatagi humo. Masika yakianza na maji kugeuka rangi, huingia Nzoia, Yala, Nyando, Sondu, Kuja, Mara na Kagera, akapanda hadi mahali mto umefurika kandoni. Pale kwenye nyasi zilizozama ndipo hutaga, na makinda huteremka baadaye na maji. Wajaluo walimtegea kwa kek, uzio wa vijiti na matete unaokatiza mto, wenye nafasi za kuwekea migono, na kila uzio ulikuwa na wenyewe. Nyanya alinieleza kwamba mafuriko makubwa yakija, kek ilibomoka, wala hakuna aliyethubutu kuisimamisha tena kabla maji hayajatulia. Naamini siku hizo za uzio kulala ndizo zilizomlisha miaka iliyofuata, kwa kuwa ndizo siku majike walipopita.

Nyavu za kutega hazikulala. Ziliingia Ghuba ya Winam mwaka 1905, na katika miaka ya 1950 zikaja za nailoni. Watu walizitandaza mbele ya midomo ya mito wakati wa mvua hasa, zikawakamata majike wangali na mayai tumboni. Malkia alipokuja Jinja, ningu alikuwa tayari anaporomoka. Nalisema hili wazi kwa sababu wapo wanaolitwika bwawa kila lawama, na ukuta wa Jinja haukuziba njia ya Nzoia. Ila waliojenga na waliotega walikuwa na kosa moja: wote waliutazama mto kama maji tu, wakaisahau safari iliyomo ndani yake.

Kosa hilo halijaisha. Bwawa la Bujagali, megawati 250, lilizamisha mporomoko mwingine wa Naili mwaka 2011, na la Isimba likafuata mwaka 2019. Kwetu Kenya, mradi wa Sondu-Miriu wa megawati 60 huyatoa maji mtoni na kuyapitisha katika handaki la zaidi ya kilomita 6, na mvua zikiwa haba mkondo wa zamani hubaki mwembamba. Bwawa hata likiachia maji, huusawazisha mto, na ningu hungoja mto upande ndipo aondoke. Leo yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Kituo cha utafiti wa ufugaji samaki cha Kajjansi, Uganda, kimefaulu kuwazalisha ningu, na habari hiyo ilinipa furaha kubwa. Lakini jike wa kufugwa hujaza mayai kisha akakaa nayo. Watafiti humdunga homoni ndipo ayaachie, maana pale anapofugwa hakuna mafuriko ya kumwita. Vifaranga wake wakipelekwa Sondu watataka mdomo wa mto usio na nyavu Aprili na Mei, na maji ya kufika kwenye nyasi. La kwanza wavuvi wanaweza kulisimamia wenyewe. La pili limo mikononi mwa wanaofungua na kufunga lango la handaki, nao nataka waketi na wavuvi kabla masika hayajaanza.