Buibui wa Mombasa kwenye tanki ya samaki

Binamu yangu anaishi Ujerumani na juzi alinitumia picha ya tarantula wake mpya. Wasee, mimi niliangalia tanki kabla ya buibui. Tanki ya samaki, refu, kioo kila upande, udongo wa vidole viwili hapo chini. Safi kwa kamera. Kwa huyo mnyama ni hatari.

Hii tabia ya kuweka viumbe kwenye kioo ina historia. Mwaka wa 1829, daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, alifungia pupa wa nondo kwenye chupa yenye udongo mbichi. Alingoja nondo. Kilichomshangaza ni mimea midogo iliyochipuka humo ndani, na nje bustani yake ilikuwa inakufa kwa moshi wa makaa. Akaanza kutengeneza masanduku ya kioo. 1833 mawili yakasafirishwa hadi Sydney, miezi baharini, na mimea ikafika hai. Baadaye Robert Fortune akatumia masanduku hayo hayo kutoa miche ya chai China kuipeleka India (hiyo ni story ya siku nyingine, na si nzuri). 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya matanki ya samaki. 1881, nyumba ya wadudu.

Umeona mpangilio? Mimea, samaki, ndio wadudu wafike. Buibui alirithi nyumba ambayo hakuna mtu aliichora akimfikiria yeye.

Na huyu wa binamu ni wa kwetu kabisa. Pterinochilus murinus, aliyepewa jina hilo na Pocock mwaka wa 1897. Wauzaji wa ng'ambo humuuza kwa jina lenye Mombasa ndani yake. Huku anaishi kwenye mashimo na kushona utando mwingi mlangoni. Anataka kina, si urefu. Tumbo la tarantula lina ngozi nyembamba sana. Akipanda kioo kisha aanguke, linaweza kupasuka, na hapo hakuna daktari. Wafugaji wengi hukadiria hivi: kutoka udongo hadi kifuniko, isizidi mara moja na nusu ya upana wa miguu yake. Akiwa wa sentimita 12, nafasi ya juu ni 18 tu. Kwa hivyo tanki refu si la kutupa, jaza udongo mkavu, weka kipande cha gome ajifiche. Kifuniko cha wavu achana nacho, kucha zake hunasa. Na kifunge vizuri, jamaa ana mbio na akikuuma utalia.

Nilimwambia binamu haya yote. Akaniuliza, "Sasa nikijaza udongo, si nitakuwa naangalia udongo?"

Alijaza. Siku ya sita leo, ameona utando tu, na mguu mmoja saa nane usiku.